Fundi Bila Cheti: Jinsi ya Kutambuliwa kwa Ujuzi Ambao Tayari Anao

SOMO LA TOLEO HILI: Elimu na Mafunzo ya Ufundi

Katika kila wadi ya Kaunti ya Kilifi kuna fundi anayejulikana na kila mtu. Amejenga nyumba za nusu ya kijiji, au ameshona sare za wanafunzi miaka nenda miaka rudi, au ndiye anayeitwa pikipiki ikikataa kuwaka. Hakuna anayetilia shaka kazi yake. Lakini siku mwanakandarasi anapotafuta msimamizi wa mafundi, au hoteli inapotangaza nafasi ya mpishi, swali la kwanza huwa ni hili: cheti kiko wapi? Fundi huyo hubaki kibarua. Wakati mwingine huwekwa chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika mwiko, kwa sababu kijana ana karatasi na mwalimu wake hana.

Somo hili ni la watu wazima walio katika hali hiyo: waliojifunzia kazini, walioacha kazi ili kulea watoto na sasa wanataka kurudi, waliorejea kutoka nchi za Ghuba, na waliopunguzwa kazi. Baada ya kulisoma, mkaazi anapaswa kujua mambo matatu: njia zilizopo za kupata cheti, jinsi ya kutayarisha ushahidi wa kazi yake, na jinsi ya kuwaepuka matapeli.

Cheti kinabadilisha nini

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijijini hilo ni kweli, kwa kuwa mteja ameona nyumba ya jirani. Lakini sifa ya fundi hufika pale tu jina lake linapofika. Akivuka kutoka Ganze hadi Mtwapa, au kutoka Magarini hadi Nairobi, anakutana na watu wasiomjua. Cheti ndicho kinachomtangulia.

Wakenya walio katika hali hii ni wengi. Takwimu za serikali huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo cha nyumbani, iko katika sekta ya jua kali. Wengi wao walijifunza kwa kumtazama fundi mkuu akifanya kazi, si kwa kukaa darasani.

Kukosa cheti kunaigusa mifuko yao moja kwa moja. Agizo la serikali kuhusu kima cha chini cha mshahara huwagawa mafundi kwa gredi. Fundi wa Gredi ya I ana kima kikubwa kuliko wa Gredi ya II, wa Gredi ya II humzidi wa Gredi ya III, na asiye na gredi yuko chini yao. Watu wawili wanaweza kufanya kazi ileile, kwenye jengo lilelile, huku sheria ikiwatambua kwa viwango tofauti.

Kuna pia kazi ambazo sheria inataka mtu asajiliwe au awe na leseni. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, huwasajili mafundi stadi na wasimamizi wa maeneo ya ujenzi. Anayefunga nyaya za umeme majumbani anahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Katika milango yote miwili, mwombaji huulizwa uthibitisho wa ujuzi. Vilevile, asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini kikundi kinachotaka zabuni ya ujenzi hakiwezi kwenda mbali ikiwa hakuna hata mmoja wao aliye na cheti cha kazi hiyo.

Ngazi za vyeti nchini

Sheria ya mwaka 2014 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Sifa za Masomo, inayojulikana kama KNQA. Kazi yake moja ni kupanga vyeti vyote vya nchi katika ngazi 10, ili mwajiri ajue cheti gani kinalingana na kipi. Juu kabisa, ngazi ya 10, iko shahada ya uzamifu. Shahada ya kwanza ya chuo kikuu iko ngazi ya 7, na stashahada, yaani diploma, iko ngazi ya 6. Vyeti vya ufundi viko chini ya hapo, katika ngazi ya 5, ya 4 na kushuka.

Umuhimu wa mpango huu ni kwamba ngazi moja ni daraja la kupandia nyingine. Aliyefaulu ngazi ya 4 katika mafunzo yanayozingatia umilisi anaweza kuomba ngazi ya 5, kisha ya 6, hata kama alama zake za kidato cha nne hazikumruhusu kuanzia juu. Kwa hiyo cheti cha kwanza, hata kikiwa cha chini, ni mwanzo wa safari.

Njia tatu za kufika

Njia ya kwanza ni utambuzi wa ujuzi wa awali, ambao maafisa wengi huuita kwa kifupi RPL. Hapa mtu harudishwi darasani kufundishwa anachokijua. Watahini hupima ujuzi alio nao, hata kama aliupata kwenye karakana ya mjomba wake, kisha hupewa cheti cha ngazi anayostahili. Haulizwi alisoma wapi. Huulizwa anaweza kufanya nini. KNQA ndiyo inayosimamia mpango huu, na tathmini hufanywa na taasisi zilizoidhinishwa, ikiwemo Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA.

Njia ya pili ni mtihani wa ufundi wa NITA, ambao wazee wengi wanaufahamu kwa jina la "gredi". Huanzia Gredi ya III, kisha ya II, hadi ya I. Mtahiniwa hufanya sehemu ya nadharia na sehemu ya vitendo. Mitihani hii huandaliwa mara kadhaa kwa mwaka katika fani kama uashi, useremala, ufundi wa mabomba, umeme, makanika, uchomeleaji, ushonaji na ususi. NITA ina vituo vyake vikubwa Nairobi, Athi River, Kisumu na Mombasa, na vyuo vingi vya ufundi hutumika kama vituo vya mtihani.

Njia ya tatu ni kurudi chuoni. Inamfaa anayetaka kubadilisha kazi kabisa, au ambaye ujuzi wake una mapengo makubwa. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya mashinani, vile vilivyokuwa vikiitwa "polytechnic" za kijiji, viko chini ya serikali za kaunti. Vyuo vikubwa vya kiufundi na vyuo anuwai vya kitaifa, kama kile cha Kenya Coast kilichoko Mombasa, viko chini ya serikali ya kitaifa.

Namna rahisi ya kuchagua ni hii. Aliye na miaka mingi kazini na anayefanya sehemu zote za kazi yake aanze kuulizia RPL. Aliye na ujuzi wa fani moja iliyo kwenye orodha ya NITA na anayehitaji gredi kwa ajili ya ajira aulizie mtihani wa ufundi. Anayeanza upya, au anayejua nusu ya kazi, ajiunge na chuo.

Mkoba wa ushahidi

Katika RPL, kazi kubwa ya mwombaji ni kukusanya ushahidi kabla ya siku ya tathmini. Hapa ndipo fundi mzuri anapoweza kukwama. Amejenga nyumba 40, lakini hana picha hata moja. Ushahidi huwekwa kwenye faili moja, na unaweza kuwa na vitu hivi:

• Nakala ya kitambulisho cha kitaifa na maelezo mafupi ya maisha ya kazi: alianza lini, chini ya nani, na amefanya nini.

• Picha za kazi. Picha ya nyumba iliyokamilika haitoshi. Inayosaidia zaidi ni ile inayoonyesha kazi ikiendelea: msingi, ukuta ukiwa nusu, fundi mwenyewe akiwa na vifaa vyake.

• Barua za wateja na waajiri.

• Risiti, mikataba, taarifa za malipo ya M-Pesa, daftari la wateja.

• Vyeti vya mafunzo mafupi, hata yale ya siku mbili yaliyoandaliwa na kampuni ya rangi au ya saruji, shirika au kanisa.

Fundi asiye na picha za zamani bado hajachelewa. Anaweza kuwarudia wenye nyumba alizojenga, kuomba ruhusa, na kupiga picha kwa simu. Kuanzia hapo, kila kazi mpya ipigwe picha mara tatu: mwanzo, katikati na mwisho.

Barua ya mteja haihitaji maneno makubwa. Inahitaji ukweli unaoweza kuthibitishwa. Mfano wa maneno yake ni huu:

"Mimi ________, wa kijiji cha ________, nathibitisha kwamba ________, mwenye kitambulisho nambari ________, alijenga nyumba yangu ya vyumba ____ kuanzia mwezi wa ____ hadi mwezi wa ____ mwaka wa ____. Alipima na kujenga msingi, akainua kuta na kupiga lipu. Naweza kuulizwa zaidi kwa nambari ya simu ________."

Barua inayosema tu kwamba "fundi huyu ni mzuri na mwaminifu" haimsaidii mtahini, kwa kuwa haisemi alifanya nini.

Kueleza kile mikono inachokijua

Siku ya tathmini, mtahini hutazama mikono na pia huuliza maswali. Fundi aliyejifunza kwa kutazama mara nyingi anajua la kufanya, lakini hajawahi kuulizwa sababu. Ni vyema ajizoeze kueleza kabla ya siku hiyo. Mifano mitatu itasaidia.

Chukulia mwashi wa Mariakani aliyejenga kwa miaka 15. Akiulizwa atahakikishaje kwamba kona ya nyumba ni pembe mraba, hawezi kujibu kwamba "naona tu kwa macho". Njia yake ya kila siku ina maelezo: hupima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, kisha huhakikisha umbali kati ya ncha hizo mbili ni mita 5 kamili. Umbali huo ukizidi au kupungua, kona imepinda. Akiulizwa kuhusu konkriti ya kawaida, ataje kipimo cha 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Na akiulizwa kwa nini slabu humwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi, jibu ni kwamba saruji haigandi kwa kukauka. Huganda kwa kuungana na maji. Ikikaushwa na jua la Kilifi mapema, hupasuka na kukosa nguvu. Mwashi huyu alikuwa akifanya yote hayo tangu zamani. Kilichobaki ni kuyasema.

Chukulia sasa mama aliyepika katika mikahawa ya Watamu kwa miaka minane, akaacha kazi ili kulea, na sasa anataka kurudi akiwa mpishi, si msaidizi. Mapishi anayajua. Mtahini atataka kujua zaidi kuhusu usalama wa chakula: kwa nini ubao wa kukatia samaki na nyama mbichi usitumike kwa saladi, kwa nini chakula baridi kiwekwe chini ya nyuzi 5 za selsiasi na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Sababu ni kwamba viini vya maradhi huzaana haraka kati ya viwango hivyo viwili. Katika faili lake, mama huyu aweke pia cheti cha afya ambacho sheria hudai kwa wahudumu wa chakula, na ahakikishe hakijapitwa na wakati.

Mfano wa tatu ni binti aliyerudi kutoka Ghuba baada ya miaka minne ya kazi za nyumbani. Wengi wa mabinti hawa hudhani miaka hiyo haina thamani nyumbani. Lakini aliyemhudumia mzee mgonjwa, akatumia mashine za kisasa za usafi na kupika kwa familia kubwa, ana ujuzi unaoweza kupimwa katika utunzaji wa nyumba au huduma za hoteli. Mkataba wake wa kazi, cheti cha mafunzo ya kabla ya kusafiri na ujumbe wa mwajiri unaomsifu kwa kazi fulani ni ushahidi. Asivitupe.

Hatua za maombi

Kwa kawaida safari ya RPL huwa na hatua hizi:

1. Ushauri. Mwombaji hutembelea taasisi iliyoidhinishwa, akaeleza kazi yake, na kuonyeshwa fani na ngazi inayomfaa.

2. Maombi na kujitathmini. Hupewa orodha ya mambo ambayo mtu wa ngazi hiyo anapaswa kuyaweza, na kujipima mwenyewe. Anayejidanganya hapa hujiumiza.

3. Mkoba wa ushahidi. Faili huwasilishwa na kukaguliwa.

4. Tathmini. Mwombaji hufanya kazi mbele ya watahini na kujibu maswali.

5. Matokeo. Huamuliwa kama ni mahiri au bado hajawa mahiri. Anayeona hakutendewa haki ana nafasi ya kukata rufaa.

"Bado hajawa mahiri" haina maana ya kufeli maisha. Mtahini huonyesha sehemu iliyopungua. Fundi wa umeme anaweza kuwa hodari wa kufunga nyaya lakini akawa hajui kusoma mchoro. Huyo anaweza kujifunza sehemu hiyo peke yake katika chuo kilicho karibu, kisha apimwe tena. Ni muda mfupi kuliko kuanza kozi nzima.

Asiyejua kuandika vizuri asijiondoe mapema. Aulize wakati wa ushauri ni sehemu gani zinazoweza kujibiwa kwa mdomo, na kwa lugha gani. Madarasa ya elimu ya watu wazima pia yapo kwa anayetaka kujifunza kusoma na kuandika huku akiendelea na kazi.

Gharama, na jinsi ya kuepuka utapeli

Ada hutofautiana kwa fani, ngazi na taasisi. Mwombaji aulize mambo manne kabla ya kulipa: ada yote ni kiasi gani, inajumuisha vifaa vya mtihani au la, cheti kitatolewa na nani, na akirudia sehemu moja atalipa nini. Anayejiunga na chuo aulizie basari katika ofisi ya msimamizi wa wadi, na mkopo wa HELB, ambao hutolewa pia kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi na si wa vyuo vikuu pekee.

Kuna wanaouza njia ya mkato. Husema cheti kitapatikana ndani ya siku tatu bila mtihani, na pesa zitumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Huo si utambuzi wa ujuzi. Ni ughushi, na ughushi ni kosa la jinai kwa anayeuza na kwa anayetumia. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti ulikuwa umefichua zaidi ya watumishi 2,000 wenye vyeti bandia. Waliokuwa kazini kwa miaka mingi walijikuta wakipoteza ajira na kudaiwa mishahara. Fundi stadi anayenunua karatasi bandia hujiharibia jina alilolijenga kwa jasho, na hali cheti halali alikuwa anaweza kukipata.

Alama tatu za njia halali ni hizi: kuna tathmini ya vitendo, malipo hufanywa kwa akaunti rasmi na risiti kutolewa, na taasisi inaweza kuonyesha kibali chake. Vyuo vya ufundi husajiliwa na mamlaka ya TVETA. Chuo kisichotaka kuonyesha usajili wake kiachwe.

Zoezi la siku saba

Siku ya 1: Andika kwenye ukurasa mmoja kazi zote ulizofanya, mwaka na mahali.

Siku ya 2: Chagua kazi tano bora, na utafute nambari za simu za wenye kazi hizo.

Siku ya 3 na ya 4: Watembelee angalau watatu. Omba barua na ruhusa ya kupiga picha.

Siku ya 5: Kusanya risiti, taarifa za M-Pesa, mikataba na vyeti vya mafunzo mafupi. Toa nakala.

Siku ya 6: Mwombe mtu wa nyumbani akuulize "kwa nini" kwa kila hatua ya kazi yako. Jibu kwa sauti. Pale unapokwama, andika. Hapo ndipo pa kujifunza.

Siku ya 7: Panga kila kitu kwenye faili kwa kufuata miaka.

Maswali ya kujipima

1. Je, mtu asiye na cheti cha kidato cha nne anaweza kuomba RPL? Ndiyo. Kinachopimwa ni ujuzi.

2. Kati ya Gredi ya I na ya III, ipi iko juu? Gredi ya I.

3. Kwa nini picha ya nyumba iliyokwisha haitoshi? Kwa sababu haionyeshi nani aliijenga wala jinsi alivyofanya kazi.

4. Mtu anayeahidi cheti bila tathmini anauza nini? Karatasi bandia.

Faili likiwa tayari, mkaazi alipeleke katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu naye na kumwona meneja wa chuo. Aulize kuhusu fani, ngazi na kituo cha tathmini kinachomfaa, pamoja na tarehe za mtihani ujao wa NITA. Abebe kitambulisho halisi, na aache nakala tu za barua na vyeti vyake. Za asili azihifadhi nyumbani.